Nafasi Ndogo Chini ya Uzi



Katika Dominika ya leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho wengi wetu tunakisikia kila tuendapo Misani, lakini ni wachache wanaokitazama. Chombo hicho ni gitaa la besi. Kwaya inapoimba, macho ya waamini huwaelekea waimbaji na mwalimu wao. Masikio hufuata sauti ya kwanza, na mpiga kinanda husifiwa kwa wepesi wa vidole vyake. Besi iko chini, wala haitafuti kutazamwa. Lakini siku inapokosekana, hata mtu asiyejua muziki husema, "Leo pana kitu kimepungua."

Iko na siku nyingine iliyo mbaya zaidi ya hiyo. Ni siku ambayo besi ipo, lakini kila noti itokayo huandamana na mkwaruzo, mlio wa chuma juu ya chuma, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Wanakwaya hutazamana. Mwalimu hukunja uso. Misa ikiisha, maneno huanza nje ya kanisa: wapo wasemao kuwa gitaa limekufa, wapo wasemao kuwa nyuzi ni za bei rahisi, na wapo wanaomnyoshea kidole kijana anayelipiga, kwamba hajui kazi. Juu ya mkwaruzo huo, juu ya chanzo chake na namna ya kuuondoa pasipo kukiharibu chombo, ndipo tunapotaka kusimama leo. Kwa maana ndani ya shingo ya gitaa mna fundisho kwa kila mtu aliyekabidhiwa kuwaongoza wenzake, awe mzazi, mwalimu, katekista au kiongozi wa jumuiya.

Tusishangae kwamba gitaa linazungumzwa katika kipindi hiki. Zaburi ya 150, ambayo ni ya mwisho katika kitabu chake, inavitaja vyombo vya nyuzi pamoja na ngoma na filimbi katika kumsifu Mungu. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, uliipa heshima kinanda cha mabomba, kisha ukafungua mlango kwa vyombo vingine, ikiwa vinafaa kwa ibada na vimekubaliwa na wenye mamlaka. Basi, chombo kilichokubaliwa kuingia katika nyumba ya Mungu kinastahili pia kutunzwa vema, na mtu hawezi kukitunza asichokifahamu.

Gitaa la besi la umeme si la zamani sana. Kabla yake sauti ya chini ilitolewa na kontrabasi, ile fidla kubwa inayosimama wima na kumpita mtu kwa urefu. Katika miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa mji wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme ya kupigwa kama gitaa, lakini haikuenea. Mwaka 1951, Leo Fender wa Fullerton katika jimbo la California, mtu aliyeanza kazi yake kwa kutengeneza redio, alitoa besi aliyoipa jina la Precision, maana yake usahihi. Jina hilo lilikuwa na sababu. Shingo ya kontrabasi ni laini tupu, na mpigaji hutafuta noti kwa sikio na mazoea. Akikosea upana wa unywele, noti imeharibika. Fender alipanda katika shingo ya besi yake vipande vyembamba vya chuma, vilivyolala kukatiza ubao. Vipande hivyo wapigaji huviita freti. Kidole kikibonyeza nyuma ya freti, uzi hukatwa mahali palepale palipopimwa na fundi, na noti hutoka sahihi.

Lakini tuangalie jambo hili, ndugu zangu. Pale usahihi ulipoingia, ndipo na mkwaruzo ulipopata mlango. Juu ya shingo laini ya kontrabasi hapana freti ya kugongwa. Juu ya shingo yenye freti 20, uzi unaopita karibu mno nazo utazigonga unapotetemeka, na sauti ya mgongano huo ndiyo mkwaruzo wenyewe. Kila kanuni njema tunayoiweka katika nyumba au katika kwaya ina tabia hiyohiyo. Inatupa usahihi, nasi tunaihitaji. Walakini yataka ipangwe kwa namna ambayo mtu anayeishi juu yake ataweza kupumua.

Sasa tuingie ndani ya shingo. Besi ya kawaida ina nyuzi nne nene za chuma, na urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja lililo mwilini mwa gitaa ni karibu sentimita 86. Nyuzi hizo zikikazwa hata kufikia sauti yake, zote nne pamoja huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80. Tuwaze juu ya hilo. Ni kana kwamba mtu mzima amening'inia katika shingo ile usiku na mchana, wakati wa Misa na wakati gitaa limening'inizwa ukutani katika chumba cha kwaya. Na shingo ni mti. Mti hupinda chini ya mzigo usiokoma. Mti hunywa unyevu wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Mti uliozoea hewa ya pwani haukai vilevile upelekwapo katika nchi kavu ya bara.

Mafundi wa zamani walijaribu kushindana na jambo hilo kwa kuifanya shingo kuwa nene. Mwaka 1921 fundi mmoja wa kampuni ya Gibson huko Marekani, Thaddeus McHugh, aliomba hataza ya njia nyingine, naye akapewa mwaka 1923. Njia yenyewe ilikuwa kuuficha ndani ya shingo, chini ya ubao wa vidole, ufito wa chuma wenye nati kwenye ncha yake. Nati ikikazwa, ufito huvuta kinyume cha nyuzi. Nyuzi zavuta shingo kuelekea mbele, ufito wairudisha nyuma, na shingo yakaa katikati ya mivuto miwili. Hata Leo Fender, mwaka 1950, alipoanza kuuza magitaa yake ya kwanza ya mwili mgumu, baadhi yake yalitoka bila ufito huo, kwa kutumainia ugumu wa mti. Shingo zilipinda. Kabla mwaka haujaisha ufito ulikuwa umetiwa.

Mpaka hapa mtu angeweza kusema: nimeelewa, kazi ya ufito ni kuinyosha shingo iwe kama rula. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo lilipo kusudi la mazungumzo yetu. Shingo iliyonyoka kabisa kama rula, mara nyingi hukwaruza.

Sababu yake ni hii. Uzi unapopigwa hauchezi kwa kiasi kilekile mahali pote. Ncha zake mbili zimefungwa, hazina pa kwenda. Katikati yake hutanuka. Uzi mnene wa E, ukiachwa wazi, hutetemeka kama mara 41 kwa kila sekunde, nao wa A mara 55, na mwendo huo ni mpana hata jicho huuona: mwembamba kwenye ncha, mpana katikati, kama kijiti cha kusokotea kilichojaa nyuzi. Ikiwa chini ya uzi unaotanuka hivyo pana shingo isiyokubali kubonyea hata kidogo, uzi hugonga freti, hasa mtu apigapo karibu na mwanzo wa shingo. Kwa hiyo fundi mwema huiacha shingo ibonyee kidogo sana katikati yake, ili kuufuata mwendo wa uzi. Kampuni ya Fender yenyewe, katika maelekezo yake kwa besi, yataka nafasi ya kati ya milimita 0.25 na 0.35, kufuatana na umbo la ubao. Huo ni karibu unene wa kadi ngumu. Nafasi ni ndogo kiasi hicho, nayo ndiyo inayotenganisha wimbo na kelele.

Je, tutajuaje kwamba shingo ya besi yetu ina nafasi hiyo? Tuwaeleze vijana wetu wa kwaya, maana jambo hili halihitaji fedha. Kwanza, nyuzi zote zikazwe hata kufikia sauti zake za kawaida, kwa kuwa shingo isiyobeba mzigo wake haisemi kweli. Gitaa lishikwe kama linavyoshikwa wakati wa kupiga, wala lisilazwe chali. Kidole cha mkono wa kushoto kiubonyeze uzi mnene kwenye freti ya kwanza. Cha mkono wa kulia kiubonyeze kwenye freti ya mwisho. Sasa uzi umekuwa rula, kwa sababu uzi uliokazwa hauna njia ila kunyoka. Mwenzake aliye karibu atazame freti ya 8, na kupitisha kati ya freti na uzi kibamba kile cha kupimia ambacho mafundi wa magari hupimia nafasi za vali. Asipokuwa nacho, kadi ngumu itamsaidia kukisia. Ikiwa uzi umelala juu ya freti zote, hapana nafasi: shingo imenyoka mno au imebinuka nyuma, na nati ya ufito yapaswa kulegezwa. Ikiwa nafasi ni kubwa, imefika nusu milimita na kupita, shingo imepinda mbele, na nati yapaswa kukazwa.

Lakini kabla ya kuigusa nati, yatupasa kusikiliza. Mkwaruzo una lugha yake. Ukisikika katika freti za kwanza, yaani kuanzia ya kwanza hadi kama ya tano, huku juu pakiwa shwari, basi mara nyingi shingo imenyoka mno. Ukisikika kuanzia katikati kuelekea mwilini, huenda shingo imepinda kupita kiasi, au nyuzi zimeshushwa mno kwenye daraja. Ukisikika uzi unapopigwa wazi tu, na kutoweka kidole kinapobonyeza, tusiisingizie shingo. Tatizo liko katika kile kipande chenye mifuo kilicho mwanzo wa shingo, ambacho mifuo yake imelika. Ukisikika mahali pamoja tu, freti moja imenyanyuka kuliko wenzake. Pengine skrubu fulani imelegea kwenye kichwa cha gitaa. Na pengine mkwaruzo husikika chumbani, gitaa likiwa halijaunganishwa, lakini likiunganishwa na amplifaya, spika hazitoi ila noti safi. Mafundi wenye uzoefu huuacha mkwaruzo wa namna hiyo. Si kila kasoro inayosikiwa na sikio lililo karibu sana ni kasoro inayowadhuru watu.

Hatimaye, nati yenyewe. Kwenye magitaa mengine iko kichwani, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo. Kwa mengine iko upande wa mwili. Ufunguo wake mara nyingi ni spana ndogo ya pembe sita iliyokunjwa kama herufi L, nao lazima ulingane na nati barabara. Nati nyingine zimepimwa kwa inchi na nyingine kwa milimita. Ufunguo unaokaribia tu kulingana utazila pembe za nati, na siku hiyo msaada utakuwa mgumu kupatikana. Tukimwelekea mwenye nati, kuizungusha kulia, kama mwendo wa saa, ni kukaza, na nafasi hupungua. Kuizungusha kushoto ni kulegeza, na nafasi huongezeka. Anayekaza na azilegeze nyuzi kwanza, ili ufito usishindane na mzigo wote kwa mara moja. Na kipimo cha kila safari ni robo mzunguko, isizidi. Baada ya robo hiyo nyuzi zirudishwe kwenye sauti zake, nafasi ipimwe tena, na mti uachwe utulie. Shingo nyingine huendelea kusogea polepole hata kesho yake. Nati ikiwa ngumu isivyo kawaida, au ikizunguka bila kuleta badiliko lolote, mkono na usimame hapo hapo, gitaa lipelekwe kwa fundi. Ufito uliokatika umefichwa ndani ya mti, na kuutoa ni kuifungua shingo yote.

Shingo ikiisha kukaa sawa, hapo ndipo tunapokwenda kwenye daraja na kupanga kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 17, kimo cha milimita 2 hadi 2.8 hutosha kwa besi nyingi, uzi mnene ukiwa juu kidogo kuliko mwembamba. Utaratibu huu usigeuzwe. Mtu anayeanza kwa kuzinyanyua nyuzi ili mkwaruzo unyamaze, huku shingo imebaki mbaya, atapata gitaa lililonyamaza lakini linaloumiza vidole. Na mpigaji wake atachoka kabla ya Utukufu kuisha.

Wapenzi wasikilizaji, wapo pengine kati yenu wasiowahi kushika gitaa, nao wanajiuliza, mambo haya yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Katika kila jamaa na kila kigango kuna walio nyuzi na kuna walio shingo. Nyuzi ndizo zinazotoa sauti, shingo hubeba. Watoto ni nyuzi, na wazazi ni shingo. Vijana wa kwaya ni nyuzi, na mwalimu wao ni shingo. Wanafunzi wa ubatizo na wa kipaimara ni nyuzi, na katekista ni shingo. Sauti mbaya inaposikika, husikika katika uzi. Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba uzi ndio mbaya. Kijana hajibu vizuri. Binti haji tena mazoezini. Mwanafunzi anasoma katekisimu kwa sauti ya kunung'unika. Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nyuzi zaweza kubadilishwa mara tatu kwa mwaka, zikanunuliwa zilizo ghali kuliko zote, na mkwaruzo ukabaki palepale, kwa sababu chanzo chake ni mbao iliyo chini yake, isiyoacha nafasi.

Tuelewane vema juu ya neno hili nafasi. Hatusemi kwamba shingo iachwe ipinde ipendavyo. Shingo iliyopinda sana nayo hukwaruza, ila huko juu, mbali na mwanzo. Tena hufanya nyuzi kuwa juu mno na ngumu kubonyezwa. Mzazi asiyesema hapana hata siku moja hamwachii mtoto uhuru, bali humwachia mzigo ambao vidole vyake haviuwezi, na sauti mbaya husikika baadaye, mtoto anapokuwa amekwisha kufika mbali na nyumbani. Kwa upande wa pili, yuko mzazi aliyekaza nati hata mwisho. Nyumba yake imenyoka. Kila kitu kina saa yake, kila kosa lina adhabu yake, wala hapana kicheko kinachopita bila kuulizwa sababu. Ukiingia, utaona utaratibu unaopendeza macho. Lakini wasikilize watoto wanapozungumza mbele yake: kila neno linagonga mahali. Hawawezi kueleza shida zao, hawawezi kuuliza swali juu ya imani, hawawezi kusema wamependa au wamechoka, pasipo kukutana na chuma.

Kati ya hawa wawili, fundi anataka milimita 0.3. Si sentimita moja, wala si sifuri. Katika maisha ya jamaa nafasi hiyo yaweza kuwa dakika tano za kumsikiliza mtoto kabla ya kumhukumu. Katika kwaya yaweza kuwa ruhusa ya kukosea wakati wa mazoezi, ambako ndiko mahali pa kukosea, ili asikosee Dominika. Katika darasa la katekisimu yaweza kuwa swali la mwanafunzi lililopokelewa bila ukali, hata kama limeulizwa vibaya. Ni mambo madogo, na mtu wa mbali hatayaona. Lakini uzi utayajua mara moja.

Ni nani basi awezaye kukaa hivyo, akibeba kilo 80 bila kuvunjika na bila kuwa mgumu? Si mti peke yake. Tumeona kwamba waliotumainia ugumu wa mti walirudi kuuweka ufito ndani. Mzazi au kiongozi anayetumainia ukali wake wa asili, au upole wake wa asili, mvuto wa kila siku utampinda tu, upande huu au ule. Anahitaji ndani yake kitu kinachovuta kinyume, kisichoonekana na watu, kinachokazwa kwa kiasi kila majira yanapobadilika. Sisi Wakristo tunajua kitu hicho hupatikana wapi: katika sala ya faragha, katika Sakramenti ya Kitubio, katika shauri la mwenzi wa ndoa au la rafiki asiyetusifu bure. Kama shingo ipimwavyo tena baada ya masika na baada ya kiangazi, vivyo hivyo nasi tunapimwa. Aliyekuwa sawa mwaka jana, kabla ya msiba, kabla ya kufukuzwa kazi, kabla ya watoto kukua, hana hakika ya kuwa sawa leo kama hakujitazama.

Nalo la mwisho ni juu ya robo mzunguko. Wapo watu wema ambao, wakishatambua kwamba nyumba yao imekaza mno au imelegea mno, hutaka kuirekebisha yote kwa jioni moja. Baba aliyekuwa mkali miaka kumi na mitano anatangaza kwamba kuanzia leo kila mtu afanye apendavyo. Mwalimu aliyekuwa mlegevu anarudi kutoka semina na orodha ya kanuni ishirini. Mti haukubali hivyo, na mwanadamu zaidi. Robo moja, kisha sauti zilinganishwe, kisha tungoje. Neno moja la ukali lililoachwa bila kusemwa juma hili. Kanuni moja iliyotamkwa kwa upendo na kushikwa kweli. Kesho yake tusikilize tena. Polepole ndio mwendo, na mvumilivu hula mbivu.

Twawaomba basi ninyi viongozi wa kwaya, makatekista na wazee wa vigango mnaotusikiliza asubuhi hii. Kama katika parokia yenu kuna besi iliyowekwa kando kwa sababu ya mkwaruzo, msiitie katika hesabu ya vitu vilivyokufa, wala msianzishe mchango wa kununua nyingine, kabla mtu mwenye subira hajaipima shingo yake. Yamkini haihitaji zaidi ya robo mzunguko. Na kama kuna kijana aliyewekwa kando pamoja na besi hiyo, aliyeambiwa mbele ya wenzake kwamba hajui kupiga, naye ameanza kukaa nyuma kabisa ya kanisa, au hakai tena popote ndani yake, mtafuteni yeye kwanza, hata kabla ya gitaa. Gitaa jipya laweza kununuliwa kwa harambee ya Dominika moja. Kijana hanunuliwi. Akiisha kuondoka, hapana duka litakaloturudishia yeye.

Mwiteni, mkae naye, ashike gitaa mikononi mwake, mmoja abonyeze freti ya kwanza na mwingine ya mwisho, nanyi mtazame pamoja palipo katikati. Huenda mkagundua, yeye na ninyi, kwamba vidole vyake havikuwa na kosa lolote. Kwamba kilichokosekana ni nafasi ya unene wa kadi. Hapo mtakuwa mmerekebisha vitu viwili kwa kazi moja.

Mwenyezi Mungu, aliyeumba mti na chuma na sikio la kusikia, atujalie sisi tuliopewa kuwabeba wengine tuwe imara pasipo kuwa wagumu, na wapole pasipo kulegea, ili kila sauti aliyoiweka juu yetu iweze kuimba kwa uhuru. Awabariki ninyi nyote mliotusikiliza, pamoja na jamaa zenu, wagonjwa walio vitandani na walio safarini: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.